Sikio la Madame X

Nianze na sikio, kwa sababu watu wote wakiiongelea hii picha wanaanza na kamba ya gauni, na hiyo kamba nitaifikia msijali. Ukiingia kwenye tovuti ya makumbusho ya Metropolitan ya New York utaikuta Madame X imewekwa kubwa, unaivuta kwa vidole viwili hadi unaona brashi ilipopita, sasa vuta pale kichwani, chini ya nywele alizozibana kwa juu, utaliona. Ni la pinki. Tena pinki ya damu, sikio la mtu aliye hai yuko kwenye chumba chenye joto, afu limekaa pembeni ya shavu jeupe lenye uzambarau kwa mbali, shingo hivohivo, kifua hivohivo, mikono yote hivohivo. Sikio peke yake ndo limeachwa.

Mimi kazi yangu ni kupamba maharusi, na mtu wa kazi yangu akiliona lile sikio lazima acheke. Sikio ndo linatuumbua sisi. Unapaka faundesheni, unashusha shingoni, unashusha hadi kifuani kwa sababu gauni liko wazi, unapaka mikono, unamalizia na poda, bibi harusi anawaka, kila mtu anasema mashallah, afu picha zinakuja unakuta sikio limebaki na rangi ya mama yake liko pale linawatangazia ukumbi mzima kwamba haya mengine yote ni kazi ya mkono. Kila mpambaji mwenye akili ana kibrashi chake cha masikio.

Sasa huyu mchoraji, John Singer Sargent, sio mtu wa kusahau sikio. Ni mtu aliyekuwa na jicho la ajabu, na rangi nyeupe alikuwa nayo mkononi, tone moja tu angelifunika. Hakulifunika. Na mimi nikiangalia hiyo picha naona habari yote ya ule ugomvi wa 1884, picha ilipoonyeshwa Paris watu wakaja juu, iko pale kwenye sikio, sio kwenye kamba.

Kwa wasioijua: ni rangi za mafuta kwenye turubai, urefu wake unazidi mita 2, kwahiyo huyo dada amesimama mbele yako kama mtu kabisa. Gauni jeusi la kubana kiuno, kifua wazi, kamba mbili za vito ndo zimelishikilia mabegani. Mkono mmoja umeegemea kameza kwa nyuma, umejipinda hivi, ukijaribu kuukaa huo mkao mwenyewe nyumbani utauma kabla hujahesabu. Mkono mwingine umeshika feni ya kupepea kwa mkono na kipande cha gauni. Kichwa kakigeuza kabisa pembeni, pua ndefu, kidevu juu, wala hakuangalii, yaani we ni nani hadi akuangalie. Mkufu hana. Kichwani ana kipambo cha mwezi mwandamo, alama ya Diana, yule mungu wa uwindaji wa Warumi wa kale. Nyuma yake kahawia tupu.

Jina lake halisi Virginie Amélie Gautreau, jina la ukoo wa kwao Avegno, na Paris alikuja tu. Alizaliwa New Orleans Marekani mwaka 1859, ukoo wa wenye mashamba wanaoongea Kifaransa, upande wa mama walikuwa na shamba la Parlange kule Louisiana, miwa na watumwa (hili wengi wanaoandika kuhusu uzuri wake wanalipita haraka sana, mimi nimeona nilitaje, ule uzuri ulisomeshwa na kuvalishwa kwa jasho la watu). Baba yake alikufa 1862 kwa ajili ya mapigano ya Shiloh, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akipigania upande wa Kusini, na mama mtu 1867 akambeba binti wa miaka 8 akahamia naye Paris. Binti akakua, akaolewa na Pierre Gautreau, mfanyabiashara tajiri aliyemzidi umri kwa mbali, na kuanzia hapo shughuli yake ikawa kuonekana. Akienda opera magazeti yanaandika. Akiingia kwenye dansi yanaandika. Kavaa nini, nywele kabana vipi, ngozi ile imekuwaje nyeupe vile, watu wana nadharia zao mpaka za sumu, mara anakunywa hiki mara kile, mnajua umbea hauna mpaka wala karne.

Sargent naye mgeni tu. Mmarekani wa makaratasi, kazaliwa Florence, Italia, 1856, wazazi wake ni Wamarekani waliokuwa wanazunguka Ulaya, yeye mwenyewe Marekani kaikanyaga ana miaka 20 tayari. Kajifunza Paris kwa Carolus-Duran, mwalimu aliyekuwa anawalazimisha vijana wapake rangi moja kwa moja bila kuchorachora kwanza, na wamsome Velázquez, yule mchoraji wa Kihispania wa zamani, asubuhi na jioni. Kijana alikuwa anakuja juu, kila mwaka anapeleka kazi Salon, yale maonyesho makubwa ya Paris ambayo mchoraji akishika pale kapata kazi za maisha. Alichokosa ni picha moja ya kuwafunga watu midomo. Kwahiyo hii Madame X hakuna aliyeiagiza jamani. Hakuna aliyelipa hata senti. Yeye ndo alimtafuta yule dada kupitia marafiki, akabembeleza, na dada akakubali kwa sababu na yeye alikuwa na hesabu zake. Wageni wawili wenye njaa, kila mmoja anamtumia mwenzake kama ngazi.

Sasa njooni kwenye barua, kwa sababu hii ndo iliyonifanya nikae niandike haya yote. Mapema 1883 Sargent anamwandikia rafiki yake wa tangu utotoni, mwandishi anayejulikana kwa jina la Vernon Lee. Anamuuliza, hivi we una tatizo na watu waliojipaka mekapu mpaka wakawa rangi moja mwili mzima, zambarau mpauko au rangi ya ile karatasi ya kukaushia wino? Kama una tatizo nao basi huyu ninayemchora hutampenda. Afu anaendelea kwamba ana mistari mizuri kupita kiasi, na kama hiyo zambarau, anaifananisha na vidonge vya kumumunya vya koo, ni nzuri yenyewe kama rangi basi yeye ameridhika kabisa.

Rudia kuisoma. Alijua. Kabla hata hajaanza kazi yenyewe alishajua kwamba anachokwenda kuchora sio ngozi, ni poda juu ya ngozi, na hakuona kama ni kasoro ya kurekebisha, ndo kitu chenyewe alichokitaka. Wachoraji wenzake wa picha za matajiri walikuwa wanafanya kinyume, mteja anakuja kapaka poda ya mchele uso mzima, mchoraji anaiondoa kwa brashi, anamrudishia mashavu ya waridi na damu inayotembea, mteja anaonekana kama kaamka hivo. Huo ndo ulikuwa ustaarabu. Mwanamke wa heshima Paris ya wakati ule kupaka anapaka, ila haionekani, na ikionekana basi wewe ni mtu wa jukwaani au ni mtu wa kazi ile nyingine ya usiku. Mpaka leo hilo halijafa, mara ngapi mteja anakaa kwenye kiti anakwambia dada nataka mekapu nyingi ila nisionekane nimepaka.

Kuna kitu kingine ambacho wataalamu wa Metropolitan walikigundua walipoichunguza ile picha kisayansi. Ile ngozi sio nyeupe tu. Kuna nyeupe ya madini ya risasi, kuna nyekundu mbili, kuna nyeusi ya mifupa ya kuchoma, na kuna kijani. Kijani kwenye ngozi! Nilivosoma hapo nilipiga makofi, kwa sababu hiyo mbona ni konsila ya kijani, ile tunayoweka kwenye chunusi na wekundu kabla ya faundesheni, kijani inaua nyekundu. Kwahiyo Sargent pale kwenye turubai anafanya kazi ileile aliyoifanya Amélie mbele ya kioo chake asubuhi, anaua wekundu kila mahali, shavu, shingo, bega, mkono hadi kwenye vidole, anafika kwenye sikio anaacha.

Kiangazi cha 1883 alimfuata kwenye nyumba yao ya Les Chênes, Paramé, pembeni ya Saint-Malo, pwani ya Brittany. Akachora michoro mingi ya matayarisho, yuko kwenye sofa, kainama, kageuka, kasoma kitabu. Na barua za malalamiko juu, kwamba anahangaika na uzuri usiochoreka na uvivu usio na matumaini wa Madame Gautreau. Hapo mimi simuungi mkono hata kidogo. Mtu ana miaka 24, ana mtoto mdogo, ana nyumba imejaa wageni wa kiangazi, unamwambia asimame ukiwa umemkunja mkono nyuma vile masaa, afu akichoka unamwandikia marafiki zako kwamba ni mvivu. Kukaa kimya huku mtu anakuchungulia ngozi ni kazi, maharusi wangu wanalala kwenye kiti nawaacha walale.

Tarehe 1 Mei 1884 Salon inafunguliwa, picha iko ukutani, imeandikwa Portrait de Mme ***, yaani picha ya Bibi fulani, na hizo nyota hazikumficha mtu, Paris nzima inamjua kwa pua. Hapo kamba moja, ya bega la kulia, Sargent alikuwa kaichora imeshuka, imelala kwenye mkono. Mbele ya picha watu wakajaa, wanawake wanasema kwa sauti ni kitisho gani hiki, wengine wanacheka. Ralph Curtis, ndugu na rafiki wa Sargent ambaye alikuwepo, aliwaandikia wazazi wake habari za siku ile, na hata yeye ambaye ni wa upande wao alisema rangi imemsikitisha, kwamba anaonekana kama mtu ameanza kuoza. Jioni mama yake Amélie akafika studio, analia, binti yangu kaangamia, Paris nzima inamcheka, itoe ile picha. Sargent akakataa. Akasema kamchora vilevile alivovaa, na kwamba hakuna baya la kusemwa juu ya turubai lililozidi yale ambayo tayari yalishaandikwa magazetini kuhusu muonekano wa binti yake.

Jibu kali, tena kwa mama anayelia mbele yako, ila sio la uongo.

Kelele zilikuwa za aina mbili na watu wameamua kukumbuka moja. Kuna kelele za kifua na kamba, kwamba ikishuka kidogo tena gauni lote liko chini. Na kuna kelele za ngozi, kwamba ni maiti, ni buluu, imeoza. Historia imebeba ya kamba kwa sababu inasimulika kirahisi, mtu anacheka, ooh watu wa zamani walikuwa washamba kamba tu ya gauni. Mimi nasema kamba ilikuwa ni pa kushikia. Kilichowauma ni ile poda.

Fikiria mwanga. Huyu dada mekapu yake ni ya usiku, ya mishumaa na taa za gesi, taa za manjano zinazotia joto kila kitu, chini ya taa ile poda ya zambarau inang'aa kama lulu, inaufuta umanjano, ndo maana watu walikuwa wanamgeukia opera. Lakini mchoraji anafanya kazi mchana, dirisha kubwa, mwanga wa baridi. Na Salon yenyewe ilikuwa Palais de l'Industrie, paa la vioo, mwanga wa mchana unaingia kutoka juu. Kwahiyo uso wa usiku ukachorwa mchana ukatundikwa mchana. Mpambaji yeyote anajua kinachotokea, hapa Dar kila siku tunaona, bibi harusi kapambwa kwa ajili ya taa za ukumbini afu mpiga picha anamtoa nje saa tisa jua kali akapige picha ufukweni, anakuwa majivu matupu. Hakuna aliyekosea upambaji, mwanga ndo umebadilika.

Na ndo hapo wale wanawake wa Salon walipokasirika, hii ni akili yangu mimi lakini nitaisimamia. Wengi wao poda walikuwa nayo usoni muda uleule waliokuwa wanasema kitisho. Ile picha iliwaonyesha wao wote wanafananaje mchana. Siri ya chumba cha kujipambia imetundikwa ukutani, mita 2 na zaidi, na sikio la pinki juu yake kama ushahidi.

Mnataka uthibitisho kwamba kamba sio shida? Baada ya maonyesho kuisha Sargent akaichukua picha yake studio akaipaka upya ile sehemu, kamba ikapanda juu begani, ndo hivo mnavoiona leo. (Kuna picha ya kamera ya wakati ule inayoonyesha ilivokuwa kabla, imeshuka, na makumbusho ya Tate ya London wana nakala yake nyingine ambayo hakuimaliza, bega moja halina kamba kabisa.) Haya, kamba imepanda, heshima imerudi, je akina Gautreau waliichukua? Hawakuichukua. Ikabaki kwake miaka yote, ngozi ileile, sikio lilelile.

Na cha pili ndo kizuri zaidi. Mwaka 1891, miaka 7 tu baadaye, Gustave Courtois alimchora Amélie yuleyule. Pembeni vilevile, pua ileile, gauni jeupe safari hii, na kamba ya bega, nawaapia, imeshuka. Imeshuka waziwazi! Iko Musée d'Orsay, makumbusho ya Paris, kaitazameni. Hakukuwa na vurugu, hakuna mama aliyelia. Kwa sababu Courtois kampa ngozi laini ya kawaida, ya krimu, ya mtu ambaye hajapaka kitu. Ni picha nzuri na unaisahau ukishageuka.

Sargent mambo ya Paris yakamwia magumu, wateja wakapungua, 1886 akahamia London moja kwa moja na kufika miaka ya 1890 ndo alikuwa mchoraji anayegombewa na matajiri wa Uingereza na Marekani, watu wanapanga foleni wachorwe. Amélie alibaki palepale Paris. Kuna masimulizi mengi ya kwamba aliharibikiwa akajifungia, mimi siyapendi kwa sababu mtu aliyejifungia hachorwi na Courtois 1891 afu 1898 akachorwa tena na Antonio de la Gándara, kasimama kaupa ulimwengu mgongo, gauni jeupe linateleza hadi chini. Huyo sio mtu aliyevunjika. Ila ni kweli kwamba mwanaume alikuwa na mji mwingine wa kwenda, na yeye mtaji wake wote ulikuwa uso, na uso ulikuwa Paris.

Alifariki 1915. Mwaka uliofuata, 1916, Sargent akawauzia Metropolitan ile picha kwa pauni 1,000, akawaandikia kwamba anadhani ndo kitu bora kuliko vyote alivyowahi kufanya, na akaomba jina la yule mwanamke lisitumike. Ndo ikawa Madame X. Watu wanasema alikuwa anamlinda, mimi sijui nicheke au ninune, marehemu jina lake lilikuwa limeshaandikwa kila gazeti la Paris tangu ana miaka 20, kulindwa kwenyewe kumekuja akiwa kaburini. Na 2025 Metropolitan wakafanya maonyesho makubwa ya kazi za Sargent za Paris, afu yakahamia Orsay, na picha yenyewe ikapelekwa Paris mji uleule uliomwita maiti, watu wakapanga mstari wakilipa kiingilio kumuona.

Lakini kama ningeambiwa nichague moja ya kubeba nyumbani nisingebeba hiyo. Ningebeba ile ndogo iliyoko Boston, Isabella Stewart Gardner Museum, aliichora wakati huohuo wa 1882 kwenda 1883. Ni kipande kidogo tu cha ubao. Amélie yuko mezani usiku, kajinyoosha mbele anainua glasi kumtakia mtu heri, maua yako mbele yake, mkono mtupu umekatiza picha nzima, kamba za gauni ziko mahali zinapotaka kuwa. Brashi imekimbia, huoni poda kabisa kwa sababu taa ni ya chakula cha usiku, taa iliyompangia ule uso. Na Sargent aliiandika kwa mkono wake kwamba ni zawadi ya urafiki kwa Madame Avegno, yaani yule mama.